Tairi la Kona ya Mama Mkwe

Tairi la tatu lilipoisha katika kona ileile ya gari langu, nilikasirika kama mtu aliyetukanwa mbele ya wageni. Matairi mengine yalikuwa na meno yake, hayana neno. Hilo la nyuma kushoto, upande wa nje lilikuwa zima, na mistari yake yote ilionekana kama siku lilipotoka dukani. Upande wa ndani lilikuwa limelika hadi nyuzi za waya zikaanza kuchungulia. Ukilitazama kutoka barabarani ungesema ni tairi la mtu mwenye mpango. Ukiinama na kutazama chini ya gari, ungenionea huruma.

Ninafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari hapa Baraka, mji wetu wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, na mtu wa fizikia hapendi kuona kitu kinalika upande mmoja bila yeye kujua sababu. Hapendi zaidi kuulizwa sababu hiyo mbele ya watu.

Nikalipeleka gari kwa kwado. Kwado ndilo jina tunalompa fundi wa matairi huku kwetu. Huyu wangu ni Mrundi, mkimbizi wa kambi iliyo kwenye barabara ya kwenda Nundu. Alizaliwa mkulima, na alipokosa shamba la kumtosha alikuja karibu na soko na pampu moja na nyundo mbili, akaanza maisha. Ni mtu mpole, anayezungumza na tairi zaidi kuliko anavyozungumza na mwenye tairi. Alilitoa, akapitisha kiganja juu yake kutoka nje kwenda ndani, akarudia, akatikisa kichwa.

“Prof, hii mupira inaisha upande moja.”

“Naona.”

“Ya mwisho ilikuwa vilevile. Tuliigeuza mu jante, ile chuma yake, upande muzuri ukaenda ndani, na wenyewe ukaisha.”

“Nimekuambia naona.”

“Njo maana nauliza, kuko muzigo yenye inakaaka kila mara mu hii kona?”

Jibu nilikuwa nalo, tena lilinijaa mdomoni, ila heshima ilinikataza kulitamka. Katika kona ile alikuwa anakaa mama mkwe wangu.

Lazima nieleze gari lenyewe, maana bila gari hamtaelewa kona. Lilivuka ziwa kutoka ng'ambo, Tanzania, kwa hiyo usukani wake uko kulia, na sisi Wakongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Maana yake ni kwamba nikitaka kulipita lori, mtu wa kwanza kuona kinachokuja mbele ni abiria aliyekaa kushoto, wala si mimi dereva. Mke wangu ndiye macho yangu. Akisema “pita”, napita. Akisema “ngoja”, nangoja. Tukiwa tumegombana, nafuata lori hadi linapokwenda.

Sasa, sisi Wabembe, hasa sisi tuliooa kwa njia ya zamani, tuna mambo ya bukwe. Mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Humtazami usoni, hutaji jina lake, huli naye. Mkikutana njiani, wewe mkwe ndiye unayeondoka njiani na kusimama majanini, umempa kisogo, hadi apite. Vijana wa leo wanapiga picha na mama wakwe zao wakiwa wamekumbatiana, na makanisa yetu yametufundisha kwamba sote ni ndugu. Tumekubali kwa moyo mmoja, isipokuwa kwenye jambo hilo.

Basi chukua gari dogo lenye dereva aliye mbele kulia, kisha utafute mahali ambapo mama mkwe wake anaweza kukaa kwa heshima. Ni mahali pamoja tu, nyuma kushoto, kwenye kona iliyo mbali kabisa na mimi. Hata kioo cha kutazamia nyuma nilikielekeza juu, kwenye paa, nisije nikamwona kwa bahati mbaya. Kwa miaka mingi niliendesha gari nikiwa nalijua vizuri sana paa lake.

Kuongea pia hatukuongea. Alipotaka kuniambia jambo, aliliambia gari. “Ee motoka,” angesema, “pita pole pole, kuko mashimo.” Nami ningelijibu gari: “Motoka, usiogope, nimeyaona.” Gari letu lilikuwa limepewa maagizo mengi kuliko mwanafunzi yeyote wa shule yetu.

Kila mwezi tulimpeleka hospitali ya Nundu. Ana ugonjwa wa shinikizo la damu, ambao huku tunauita tension. Baraka kuna hospitali, lakini muuguzi mmoja wa Nundu ni mtoto wa dada yake, na mama huyu anaamini kwamba kipimo kikishikwa na mtoto wa dada hakiwezi kumwonea. Alipanda na vitu vyake: unga wa muhogo, mkungu wa ndizi, ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwani, wa kumpelekea huyo mtoto, na kikapu ambacho lazima kiwe ubavuni mwake. Kila alipoingia, nilisikia springi za nyuma zikilia, nami nikauma meno nikiyafikiria matairi yangu.

Uzito wake niliujua, au niliamini ninaujua. Siku ya mahari niliiba jicho moja nikamwona: mama mkubwa, mnene, wa vitenge vya kung'aa, amesimama mlangoni na mlango umejaa. Baada ya hapo sikuinua tena macho. Sasa mtoto wetu wa kwanza anamaliza shule ya msingi.

Kwa hiyo kwado aliponiuliza juu ya mzigo, nilinyamaza na kujiona mtu wa heshima sana. Kulikuwa pia na jambo jingine juu ya kona ile, jambo la aibu yangu mwenyewe, ambalo nililijua na sikulisema. Hilo nitalifikia.

Kwado aliniambia nisinunue tairi moja. “Nunua mbili za namna moja, tutie nyuma zote mbili,” akasema. “Mupya na kuukuu hazitembei pamoja.” Kisha akataka kulipima gari kwa uzi, ajue kwa nini kona ile inakula. Nilimwambia nina kipindi darasani na sina wakati. Kipindi kweli nilikuwa nacho. Heri ningekaa kwa kwado.

Siku ile somo lilikuwa kani na mizigo. Kitabu kilikuwa na mfano wa daraja, nami daraja lilinichosha, maana nimelichora miaka yote. Nikachora gari, limeonekana kwa nyuma. Kwenye kona ya kushoto nikatia mshale mkubwa unaoshuka chini, nikaandika herufi P, maana yake poids, uzito. Nikaonyesha jinsi P inavyolikandamiza gari, gurudumu linavyoinama kichwa ndani, na tairi linavyolika ukingo wa ndani. Ulikuwa mchoro safi. Nilirudi nyuma hatua mbili niutazame.

Msichana mmoja wa mbele akainua mkono. “Prof, iyo P ni muntu ao ni muzigo?”

“Ni charge tu,” nikasema. “Kitu chochote chenye uzito.”

“Charge yenye inaendaka Nundu kila mwezi?” akauliza mwingine kutoka nyuma.

Darasa likacheka hadi mkurugenzi wa shule akachungulia dirishani. Mimi nilifuta ubao, lakini unafuta ubao tu, vichwa hufuti. Kabla ya saa nane, wenye pikipiki wote pale sokoni walikuwa wanaijua P. Na jioni ileile mwanafunzi wangu mmoja, mtoto mwenye adabu kabisa, alikutana na mama mkwe wangu akinunua chumvi, akamsalimia kwa magoti, akamwuliza kama ni kweli atatoka kama swali kwenye mtihani.

Nyumbani nilikuta sombe, yaani kisamvu, imewekwa mezani kwa kishindo. Mke wangu alikaa mbele yangu, hakula.

“Mama amesema hapandi tena motoka yako.”

“Juu ya nini?”

“Unaniuliza mi? Uliza ubao yako.”

Nilianza kumweleza kwamba sikumtaja mtu, kwamba ile ilikuwa herufi tu, kwamba sayansi haina mama mkwe. Aliniacha nimalize, na hiyo ni dalili mbaya kwa mke wangu.

“Vidonge vyake vinaisha siku ya Mungu, hii Jumapili,” akasema. “Pikipiki hapandi, magoti yake unayajua. Mtumbwi anaogopa maji. Ni motoka yako tu. Sasa atabaki.”

“Atabaki bila dawa?”

“Amesema heri tension kuliko haya.”

Hapo hamu ya kula iliniisha. Shangazi yake mke wangu alikufa hivyohivyo. Aliacha dawa wiki chache, akaanguka akiwa anapepeta mchele, na ungo ukabaki mkononi. Mke wangu alikuwapo. Sasa alikuwa ananitazama na macho yake yana maji, na mimi, kwa ujinga wangu, nikawaza kwamba dawa ya jambo hili ni matairi mapya.

Kesho yake nilinunua mawili, ya namna moja, kama kwado alivyosema, meusi tii na yenye zile nywele ndogo za mpira zinazoonyesha kwamba hayajagusa barabara. Aliyafunga. Aliniomba tena ruhusa ya kupima kwa uzi, nikamwambia baadaye. Kisha nikapita na gari mbele ya ua wa mama mkwe polepole sana, mara mbili, kwenda na kurudi, nikiwa nimempa kisogo kwa heshima, ili ayaone. Nilifikiri ataelewa: gari limetengenezwa, hakuna anayemlaumu, apande.

Jibu lililetwa na mke wangu. “Mama anasema asante. Anasema sasa Baraka yote imeona ni mipira ngapi amemaliza.”

Nilikaa kitandani. Ilikuwa siku ya Alhamisi.

“Ule kwado,” mke wangu akauliza, “yeye alisema ni mama?”

“Aliuliza kama kuna mzigo.”

“Sikuuliza aliuliza nini. Alisema ni mama?”

“Hakusema.”

“Basi twende akaseme.”

Hatujawahi kuwa na safari ya ugomvi kama ile. Alikaa mbele kushoto na hakusema “pita” wala “ngoja”. Tulifuata mkokoteni wa mihogo hadi sokoni.

Kwado alifurahi kutuona, maana uzi wake ulikuwa unamwasha. Ulikuwa uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, aliopewa na wavuvi. Kwanza aliniambia niondoe kila kitu garini, hata jeki, hata Biblia ya mke wangu, ili gari liwe tupu. Akaufunga uzi kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, akauvuta, akafunga jicho moja. Halafu akafunga nati nzito kwenye kipande kingine cha uzi, akaining'iniza kando ya gurudumu la nyuma kulia. Uzi ukashuka sambamba na gurudumu, umeligusa juu na chini. Akahamia kushoto. Uzi uligusa gurudumu chini tu. Juu palibaki nafasi ya vidole vitatu.

Watu walikuwa wameshajaa. Baraka mtu akifunga uzi kwenye gari, hata mwenye haraka anasimama. Wenye pikipiki walizima moto. Niliwaona wanafunzi wangu wawili, na mmoja alikuwa na daftari.

“Angalieni,” kwado akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa anaongea na watu. “Motoka iko tupu. Hakuna muntu, hakuna muzigo. Na mupira imelala ndani. Uzito ukitoka, springi inarudi, mupira inasimama. Hii haisimame.” Akaingia chini ya gari, akagongagonga, akatoka. “Hii mukono ya chini, chuma yenye inashika mupira, imepinda. Muntu hapindishi chuma kwa kukaa. Hapa ni jiwe.”

Nilitamani ardhi inimeze. Yule mwenye daftari alikuwa anaandika.

“Uligonga jiwe wapi?” mke wangu akauliza.

“Zamani.”

“Wapi?”

Na sasa nimefika kwenye lile jambo. Ilikuwa masika, miaka miwili nyuma, asubuhi, kwenye ile njia nyembamba inayotoka kwetu kwenda sokoni. Nilikuwa peke yangu garini. Mbele yangu, akija, kikapu kichwani, nikamtambua mama mkwe kwa mbali, kwa rangi za kitenge chake, nikashusha macho upesi. Nikiwa kwa miguu ningejua la kufanya: toka njiani, simama majanini, geuka. Lakini nilikuwa nimekaa ndani ya gari, na mababu hawakuacha neno lolote juu ya mkwe mwenye magurudumu manne. Mtu mwingine angesimama tu. Mimi nilifikiri kwa nusu dakika ambayo sikuwa nayo, nikakata usukani, nikalitoa gari njiani kwa heshima zote. Kulikuwa na matope. Mkia wa gari uliteleza, na gurudumu la nyuma kushoto likaenda kulipiga jiwe lililojificha majanini. Nilisikia sauti yake hadi kwenye meno. Mama mkwe alipita bila kugeuza kichwa, kama desturi inavyotaka, nami nilikuwa nimempa kisogo ndani ya gari lililoinamia upande, kama desturi inavyotaka.

Mke wangu nilimwambia nilimkwepa mbuzi. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nimewacheka madereva wa Baraka miaka mingi, kwamba wanagonga mawe kwa kutojua fizikia. Na uongo nikaupamba. Yule mbuzi nilimpa hata rangi.

Yote haya nikayasema pale sokoni, sauti ikiwa chini, lakini watu wakasogea ili wasikie vizuri. Nilipomaliza, mke wangu alitazama gari, akanitazama mimi.

“Ule mubuzi mweusi,” akasema. “Mwenye doa nyeupe ku shingo.”

“Ndiyo.”

“Nilimuhurumia, ule mubuzi.”

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Kwado peke yake hakucheka. Alisema mkono utanyooshwa kwa fundi wa kuchomelea siku hiyohiyo, na matairi mapya yamepona kwa sababu hayajatembea sana. Mke wangu akaniambia tuliache gari na twende kwa mama yake kwa miguu.

Mama mkwe alikuwa nyuma ya nyumba, anamenya mihogo. Mimi nilisimama upande wa pili wa ua wa matete, nikampa kisogo, kama nilivyosimama siku zote. Nikamwambia mke wangu kwa sauti ya chini, “Mwambie mama kwamba…”

“Mi sisemi,” akasema. “Leo mi siko kinywa yako. Sema we mwenyewe.”

Gari la kuliambia sikuwa nalo. Karibu na miguu yangu kulikuwa na kinu.

“Ee kinu,” nikaanza, na sijawahi kujisikia mjinga hivyo nikiwa nimevaa shati la kazini. “Yule mtu aliyeharibu tairi si mama. Ni mimi. Niligonga jiwe siku ile ya matope, nikadanganya watu, halafu mzigo wangu nikambebesha mama mbele ya darasa zima. Naomba msamaha. Na naomba aende Nundu.”

Kisu kiliendelea kumenya. Kikasimama.

“Kinu,” sauti yake ikasema, “umwambie huyu muntu, mi nilimuonaka. Ile siku niliona yote. Nilipita, lakini macho yalikuwa yangu.”

Kisu kikaanza tena kumenya.

“Umwambie, tangu ile siku mi sipitake tena mu ile njia. Napitiaka chini, ku ziwa, mu mashamba ya maharagi. Nilisema, huyu mutoto siku ingine atanikuta tena, ataingia mu mutoni na motoka yake, mutoto wangu abaki mujane juu ya heshima.”

Njia ya ziwani ni ndefu mara mbili ya ile nyingine, tena ina mitaro ya kuruka. Kwa miaka miwili mama mwenye magoti yale alikuwa anaizunguka ili mimi nisipate taabu ya kumheshimu. Roho iliniuma kweli. Nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu.

“Ya jiwe nilisamehe zamani,” akaendelea. “Sikukasirika juu ya mupira. Nilikasirika juu alipima muntu mwenye hamujui. Kinu, umwambie ageuke.”

Nilimtazama mke wangu. Alitikisa kichwa kukubali.

Nikageuka.

Nilimtafuta yule mama aliyejaza mlango, sikumwona. Juu ya kigoda alikuwa amekaa mama mdogo, mkavu, kitenge kimemzunguka mara mbili na bado kinamlegea. Mifupa ya mabega ilionekana. Mkono ulioshika kisu ulikuwa mwembamba kuliko wa binti yangu. Paji la uso lilikuwa la mke wangu kabisa, na hilo sikuwa nalijua. Nilikuwa nimekwenda naye Nundu mara zisizohesabika, na sikuwa nalijua.

Watu wote wa Baraka walikuwa wanajua. Wale wanafunzi hawakucheka kwa sababu mama ni mzito. Walicheka kwa sababu hawakuelewa mama yule atawezaje kumaliza tairi, wakadhani fizikia ina siri zake. Mke wangu alikuwa ameniambia mara nyingi, “Mama anaisha,” nami kila mara nilisema pole, kama mkwe anavyopaswa kusema, na nikatazama pembeni. Zile springi zilizokuwa zinalia zililia kwa unga wa muhogo na ndizi za watu wa Nundu.

“Sasa unipime,” akasema. Hakumwambia kinu. Aliniambia mimi.

Nililia, sina haja ya kuficha. Alinisubiri, akatupa ganda la muhogo, kisha akasema kwamba bukwe kati yetu imekwisha leo, kitenge cha kuimalizia, kama desturi inavyodai, nitaleta nikipata, ila Jumamosi twende Nundu kwanza kwa sababu vidonge vimebaki vitatu.

Jumamosi asubuhi mkono wa gari ulikuwa umenyooshwa, na matairi mawili mapya yamesimama wima. Kwado alikuja mwenyewe na uzi wake, akapima mara ya mwisho, akaridhika. Mke wangu aliingia nyuma na kikapu na unga. Mama alikaa mbele, kushoto, kando yangu, akafunga mlango. Nikasubiri gari lishuke upande wake, kama gari linavyoshuka mtu mzima anapokaa. Halikushuka. Miaka yote nilikuwa nimeusonyea uzito wake, na asubuhi ile nilikuwa nimeshika usukani nikiomba lizame hata kidogo.

Kwa kuwa alikaa kushoto, kazi ya macho ilikuwa yake. Aliipenda. Alisema “ngoja” toka Baraka hadi Nundu, hata mahali ambapo barabara ilikuwa tupu na hakuna wa kumpita ila kuku. Nilingoja. Mke wangu nyuma alikuwa anacheka ndani ya kitenge chake.

Muuguzi alimpima, akampa dawa, akasema tension ilikuwa imeanza kupanda na angechelewa wiki moja tu tungeongea mengine. Akasema pia kwamba mama ni lazima ale. Tulipotoka nje, kulikuwa na mama mmoja anauza bugali na samaki wa kukaanga karibu na barabara. Niliagiza sahani moja kubwa, tukakaa watatu kwenye benchi. Mke wangu alinawa, akanitazama, akangoja nianze. Nilikata kipande cha samaki, kile cha mgongo kisicho na miiba, nikakiweka upande wa mama mkwe wangu.

“Mama, kula,” nikamwambia, nikimtazama usoni.

Alikula kipande hicho na vipande vingine viwili vidogo, akasema ameshiba. Nikaagiza sahani nyingine.